Fremu 26

Mwaka 2006, katikati ya mgao wa umeme, bibi harusi mmoja alirudi dukani kwetu Kariakoo na DVD yake mkononi, ndani ya kasha tulilolipamba wenyewe kwa picha yake na maua. Hakuja kwa hasira. Aliomba tuiweke kwenye deki, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasubiri mpaka tukafika kanisani.

"Dada," akaniambia, "mwangalie mume wangu mdomo."

Padri alikuwa akimtamkia bwana harusi kiapo kipande kwa kipande, naye anafuatisha. Lakini kwenye diski niliyotengeneza mimi, bwana harusi alipofungua mdomo ilitoka sauti ya padri. Alipofunga, ndipo sauti yake mwenyewe ikaanza kusikika. Na mwisho wa kiapo chake ukamwangukia mkewe, ambaye tayari alikuwa ameinua uso kuanza cha kwake. Sauti ilikuwa imebaki nyuma ya picha kwa sekunde 2 kasoro kidogo. Mama wa watu alitazama sehemu ile mara mbili, akaniambia kwamba kila mgeni anayefika nyumbani kwake huomba kuona kiapo, naye hutafuta sababu ya kutoka sebuleni.

Kazi ile niliikagua kabla ya kuikabidhi. Niliangalia dakika kumi za mwanzo, nikaona midomo na maneno vinakwenda pamoja, nikachoma nakala tano. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kukagua diski kwa kuangalia mwanzo wake peke yake.

Duka lilikuwa la mjomba wangu, Mtaa wa Sikukuu, na mimi niliingia pale mwaka 1998 nikiwa msichana wa kubandika lebo kwenye mikanda. Mjomba hakuanzia kwenye harusi. Miaka ya 1970 alikuwa mwendeshaji wa gari la sinema la serikali, yale magari yaliyokwenda vijijini na jenereta, shuka jeupe na projekta ya milimita 16. Alizunguka Singida na Tabora akionyesha filamu za kilimo, za afya na hotuba. Mengi ninayoyajua kuhusu sauti kuachana na picha niliyapata kwake, na yeye aliyapata kwenye ile projekta, miaka mingi kabla ya mtu yeyote wa Kariakoo kusikia neno DVD.

Ukiishika filamu ya milimita 16 mkononi utaona picha katikati na, pembeni, mstari mwembamba wa sauti. Mtu hudhani kwamba sauti iliyo kando ya picha fulani ndiyo ya picha hiyo. Sivyo. Sauti ya picha unayoitazama imechapwa fremu 26 mbele yake. Sababu ni kwamba picha lazima isimame kidogo mbele ya taa, isogee, isimame tena, mara 24 kwa sekunde, ilhali sauti lazima ipite bila kusita hata kidogo, la sivyo inatetemeka. Kwa hiyo taa ya picha iko mahali pake na kisomeo cha sauti kiko mahali pake, na kati yake filamu inaachwa ilegee kwa kitanzi. Fremu 26 kwa mwendo wa 24 ni zaidi kidogo ya sekunde moja. Kitanzi kikiwa kikubwa au kidogo kuliko inavyotakiwa, umbali ule unabadilika na mkulima wa kwenye shuka anaanza kusema kabla au baada ya mdomo wake. Mjomba alikipima kitanzi kwa vidole viwili, gizani, watoto wakiwa wamemzunguka.

"Sauti na picha, mwanangu, hazilali chumba kimoja," aliniambia siku ya pili au ya tatu kazini. "Kila moja ina chumba chake. Wewe kazi yako ni kuujua urefu wa korido."

Korido hiyo ina historia ndefu hapa kwetu kuliko nilivyodhani. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki na ya Kati, likisimamiwa na Meja L. A. Notcutt. Zilitengenezwa filamu 35. Maelezo hayakuchapwa pembeni ya filamu. Yalirekodiwa kwenye santuri, na lori likazunguka na filamu pamoja na santuri zake. Hilo lilikuwa na faida kubwa: picha ile ile ya shambani ungeweza kuionyesha kwa Kiswahili leo, na kesho kwa lugha nyingine, kwa kubadilisha santuri tu. Hollywood nayo ilikuwa imepita njia hiyo. *The Jazz Singer* ya mwaka 1927 ilikuwa na sauti kwenye santuri, na mwonyeshaji aliweka sindano kwenye alama na fremu ya kwanza mbele ya taa, kisha akaviachia pamoja.

Ubaya wake ni huu. Filamu hukatika. Ikikatika unapoteza fremu kadhaa, unaunganisha, unaendelea. Lakini santuri haikukatika, haina habari. Kuanzia hapo sauti inabaki nyuma mpaka mwisho wa rili ya filamu. Dawa ilikuwa kuingiza fremu nyeusi, nyingi kadiri ya zile zilizopotea, ili urefu urudi kuwa uleule. Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini, maana ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya usiku kucha mwaka 2006, kwa kipanya badala ya mkasi.

Deki za VHS zilipokuja, ugonjwa huu ulilala. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994, lakini seti na deki zilikuwa zimeshaingia majumbani, na watu walizinunulia mikanda ya Kihindi, ya karate, na ya harusi zao wenyewe. Kwenye mkanda wa VHS pia sauti na picha zina vyumba tofauti: picha inaandikwa kimshazari na ngoma inayozunguka, sauti ya kawaida inaandikwa ukingoni na kichwa kingine. Ila umbali kati ya viwili hivyo ni mmoja kwa kila deki duniani. Mkanda ukivutika, vyote vinavutika. Nakala ya nakala ya nakala, rangi ya gauni inamwagika nje ya gauni, nyuso zinakuwa kama zimechorwa kwa chaki, na bado mdomo wa MC na sauti yake vinakwenda sawasawa. Nasema hivi kwa heshima yote kwa mikanda ile, ambayo watu wengi waliitupa mapema mno.

Wasimuliaji wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, akina Lufufu ambaye sauti yake ilijulikana Dar es Salaam nzima, walifanya kazi yao katika zama hizo hizo na hawakuusumbukia mdomo hata kidogo. Ufundi wao ulikuwa wa kuingia kwenye nafasi: mwigizaji akinyamaza wao wanasema, akisema wanasema juu yake. Hiyo ni sanaa nyingine, na inastahili mwandishi wake. Kwenye harusi huna nafasi ya kuingia. Mtu anamtazama mama yake akisema.

Kisha ikaja kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyouvunja urefu wa korido.

Tuliinunua ya kwanza mwaka 2001. Waya wa picha kutoka kwenye deki uliingia kwenye kadi ya video; waya wa sauti ulizunguka ukaingia kwenye tundu la kadi ya sauti. Kadi mbili, na kila moja ina kristali yake ya kuhesabia muda, na hazipo kristali mbili zinazohesabu sawa kabisa. Kadi ya sauti iliyoandikwa kwamba inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde inaweza kuwa inachukua 44,095. Nani atazigundua tano kati ya elfu arobaini na nne? Lakini ukizicheza kwa mwendo wa 44,100 kamili, kwa saa moja sauti imetangulia sekunde 0.4, ambazo ni fremu 10 za PAL, mfumo wetu wa televisheni wa fremu 25 kwa sekunde. Tulikuwa na mkanda mmoja, harusi moja, na ghafla tuna saa mbili zinazobishana.

Baada ya hapo kila kifaa kipya kilileta namna yake. VCD, iliyobeba dakika 74, ilitumia sampuli 44,100. DVD inataka 48,000. Kuna programu iliyochukua sauti ya VCD na kuisoma kana kwamba ni ya 48,000 bila kuibadilisha, na saa nzima ya hotuba ikawa dakika 55 na sekunde 7 na nusu, mashangazi wote wakiongea kama watoto. Kamera za MiniDV zilikuwa na sauti ya aina mbili, 48,000 na 32,000, na ndugu wa bwana harusi aliyeazimwa kamera mara nyingi alikuwa ameiacha kwenye ile ndogo bila kujua. Mikanda kutoka kwa jamaa walioko Muscat haikuwa na tabu, kwa kuwa Oman nao ni PAL, fremu 25 kama sisi. Ya kutoka Marekani ndiyo iliyotutoa jasho. NTSC, mfumo wa huko, ni fremu 29.97 kwa sekunde. Programu ikiziandika kuwa 30 kamili, picha inakimbia na sauti inaachwa nyuma sekunde 3.6 kwa kila saa. Familia moja ilileta mkanda wa ubatizo wa mjukuu wao kutoka Minnesota. Maji yalimwagika kichwani, mtoto akalia baadaye, wakati ameshafutwa na taulo.

Sasa lile kosa langu. Mwaka ule umeme ulikatika bila ratiba, na ukikatika wakati unaingiza mkanda kwenye kompyuta, faili lote linaharibika. Nikajitungia utaratibu: naingiza vipande vya dakika kumi kumi, ili umeme ukiondoka nipoteze kimoja tu. Nilijiona nimepata. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila nilipobonyeza kusimamisha, picha iliacha pale pale, ila sauti iliendelea kuandikwa kidogo, fremu 7 au 8. Nilipoviunganisha vipande, kila mkia wa sauti uliisukuma nyuma sauti yote inayofuata. Kipande cha kwanza: sawa kabisa, na ndicho nilichokikagua. Cha pili: fremu 8. Kiapo kilikuwa kwenye kipande cha saba.

Mjomba wakati huo alikuwa anaumwa, yuko nyumbani Temeke. Nilimpelekea mkasa wenyewe kwa maneno. Akaniuliza swali moja: "Inaachana kwa mteremko, au kwa ngazi?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kitanzi kikikosewa, sauti inakuwa mbali kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni nyepesi, unaisogeza yote mara moja. Mashine ikienda mwendo usio wake, inaachana polepole, kila dakika zaidi kidogo; huo ni mteremko, na unautibu kwa kuivuta au kuibana sauti yote kwa uwiano. Filamu ikikatika na kuungwa, inakuwa sawa, halafu ghafla si sawa, inatulia hapo, halafu inaruka tena. Hiyo ni ngazi. "Ngazi," akasema, "usiilainishe. Ikate pale pale inaporuka."

Nilirudi dukani nikiwa na haraka na aibu. Mkanda wenyewe tulishaurudisha, na waliokuwa nao walikuwa wamesafiri. Nilichobaki nacho ni faili langu lililoungwa. Nikapima mwisho, nikaona umbali, nikaibana sauti yote kwa uwiano, nikaangalia kiapo. Kikakaa karibu na mahali pake. Nikachoma upya, nikamkabidhi bila malipo, akashukuru. Nilikuwa nimeilainisha ngazi.

Kupima ndiko nilikojifunza vizuri miaka iliyofuata, na hapa ndipo harusi zetu zilipotusaidia. Watengenezaji wa sinema wana ubao wao wa kupiga mbele ya kamera, ule mlio unaoonekana. Kwenye ukumbi wa Sinza au Mwananyamala hakuna wa kukupigia ubao, lakini kuna shampeni. MC anahesabu moja, mbili, tatu, kizibo kinaruka: mlio mmoja, fremu moja. Baada yake wanakuja wageni kugonga glasi na maharusi, meza kwa meza, na kila glasi ni alama. Ngoma ya matarumbeta wanapoingia ukumbini nayo ni nzuri, ukikipata kirungu kinapogusa ngozi. Vigelegele havifai, kwa sababu ulimi hauonekani na wanaopiga ni wengi.

Na kwenye harusi isiyo na shampeni, niliipata alama iliyo bora kuliko zote, na sijamsikia fundi mwingine akiitaja. MC hufungua kila jambo kwa "Mabibi na mabwana". Hesabu midomo inavyofunga: ma, bi, bi, ma, bwa. Mara tano, katika muda wa sekunde moja na kitu. Kila mfungo unakaa fremu 2 au 3, na sauti yake ni mshuko mfupi unaouona kwenye mchoro wa mawimbi kama mabonde matano. Unalinganisha mabonde na midomo. MC mwenye heshima zake anasema maneno hayo mara ishirini, thelathini kwa usiku mmoja, kuanzia kufungua hadi kuaga, kwa hiyo una alama urefu wote wa mkanda. Nikaanza kuandika kwenye daftari: dakika ya 4, sifuri, dakika ya 31, nyuma 3, dakika ya 58, nyuma 6. Ukiona namba zinapanda sawasawa, ni mteremko. Ukiona sifuri, sifuri, nyuma 8, nyuma 8, unatafuta kiungo.

Jambo moja lilinisumbua kwa muda. Wateja walivumilia sauti iliyochelewa fremu 2, hata 3, bila kusema lolote, lakini sauti ikitangulia fremu 2 tu wanaanza kujisogeza kwenye viti. Kumbe limepimwa. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa mwongozo unaoonyesha kwamba mtu wa kawaida huanza kugundua sauti ikitangulia milisekunde 45 tu, ila ikichelewa hagundui mpaka ifike kama 125. Ukifikiri, ni haki. Ukimtazama mtu anakata mti ng'ambo ya bonde, shoka linatua kwanza, mlio unakuja baadaye. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, na tangu tuzaliwe tumezoea kuisubiri. Hakuna mti uliowahi kulia kabla ya shoka.

DVD yenyewe, niseme wazi, haikuwa na kosa. Ndani yake pakiti za picha na za sauti zina mihuri ya muda, inayohesabiwa kwa sehemu 90,000 za sekunde. Fremu moja ya PAL ni 3,600. Korido imeandikwa urefu wake kwa usahihi ambao projekta ya mjomba haikuuota. Sisi ndio tuliokuwa tunaifuta. Mteja alipoleta diski ili tumpatie nakala au tumrekebishie, tuliichambua: picha faili lake, sauti faili lake. Programu ya kuchambua ilikuwa ikiliandika faili la sauti jina refu, na mwishoni imeweka maneno ya Kiingereza ya kucheleweshwa na namba ya milisekunde, tuseme kutoa 64. Tuliona ni uchafu. Tulilibadilisha jina likawa harusi1, likakaa vizuri kwenye orodha, na ule ujumbe pekee uliotueleza sauti ianzie wapi ukapotea. Karibu mwaka mzima tulifanya hivyo.

Mikwaruzo nayo ni hadithi hiyo hiyo. Deki ikikuta mkwaruzo inaruka, inasoma muhuri unaofuata, inapanga upya. Unaona picha imeganda kisha inaendelea salama. Lakini ukiichambua diski hiyo na kutoa sauti peke yake, pengo linafunga kama kidonda, sauti inakuwa fupi kuliko picha, na kuanzia hapo inatangulia. Ngazi nyingine.

Mjomba alifariki 2011. Duka nililiendesha mpaka diski zilipokwisha sokoni. Leo kompyuta mpya nyingi hazina hata mlango wa kuziingizia. Kazi ninayoifanya sasa, nyumbani, ni kuzitoa harusi kwenye diski zinazokufa na kuzipeleka kwenye flashi na simu. Zile za kuchoma, rangi yake ya ndani inafifia, na nyingine hazisomeki tena pembezoni.

Mwaka jana alikuja msichana wa miaka kumi na saba na DVD kwenye kasha lenye maua. Alitaka kipande cha kanisani kwa ajili ya sherehe ya miaka ya ndoa ya wazazi wake. Nililitambua kasha kabla hajalifungua. Nilimwomba aniachie kwa siku tatu.

Daftari la 2006 ninalo. Kwa kukagua tena nikayaona niliyoyaacha: sauti inabaki nyuma fremu 4, inafika sawa, inatangulia 4, kisha inaruka na kuanza upya, kila dakika kumi, toka mwanzo hadi mwisho. Nilinakili diski bila kugusa mihuri yake, nikaliacha jina la faili la sauti kama lilivyoandikwa, nikairudisha sauti kwenye urefu wake wa kwanza, nikatafuta viungo kimoja kimoja. Kimoja kiko katikati ya wimbo wa kwaya, na hicho kilinichukua usiku mzima, kwa kuwa kwaya haina mfungo wa midomo unaoaminika. Nilikipata kwenye mguu wa mpiga kinanda. Nikaikata mikia yote, fremu 8, 7, 8, 7.

Kwenye kiapo padri akamtamkia bwana harusi, bwana harusi akafungua mdomo, ikatoka sauti yake. Nilipima kwa mara ya mwisho, nikaona bado iko nyuma kwa fremu 1. Nikarudi kuitazama picha. Kamera ilikuwa imesimama mlangoni mwa kanisa, kama mita 12 kutoka altareni, na maikrofoni ikiwa juu yake. Mita 12 ni kama milisekunde 35, karibu fremu nzima. Mtu aliyesimama pale mlangoni siku ile, kiapo kilimfikia hivyo hivyo. Sikuigusa.